Basi Lililolala Kirembe

Mmeniomba niwaeleze jinsi tulivyoboresha huduma za mabasi zamani zile, mjini na vijijini, ili nanyi mnaoanza kazi hii mpate la kujifunza. Wanangu, nilicheka mpaka chai ikanipalia. Binti yangu alitoka jikoni mbio akidhani nimepatwa na kitu. Nikamwambia, hawa vijana wanataka kujua tuliboreshaje. Naye akacheka, na wakati huo hata hakuwa amezaliwa.

Lakini maadamu mmekuja kwa adabu, na sukari mmeleta, nitawajibu. Mimi ni Hajati Zaituni, Mnubi wa Bombo, binti wa askari wa jeshi la Mwingereza. Nilipanga mabasi hapa Kampala tangu nikiwa msichana mwembamba. Ndiyo, mwembamba, acheni kutazamana. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya ubao pale depo na kuamua gari lipi liende wapi, dereva yupi alishike, na kama breki zake ni za kuaminika. Serikali ilikuwa ya wanajeshi, na wote tulikubaliana kwamba serikali ya wanajeshi haikosei. Aliyesema inakosea hatukumsikia akirudia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Pinto, Mhindi wa Goa aliyepiga pasi suruali yake hata siku ya mapumziko. Nilipoanza hakunipa ubao wala chaki. Alinipandisha basi la shamba, tukaenda tukishuka na kupanda, tukishuka na kupanda, mpaka viatu vyangu vikajaa vumbi jekundu. Kila tukishuka ananiuliza, "Zaituni, kituo kiko wapi?" Mimi namwonyesha nguzo ya kampuni. Anatikisa kichwa. "Kituo hakiwekwi na kampuni. Kituo kinawekwa na mama aliyechoka. Tazama nyasi zimelala wapi." Kweli, nguzo iko hapa, nyasi zimekanyagwa kule, hatua kadhaa mbele, penye kivuli na pa kutua mzigo. Mpaka leo nikipita barabarani macho yangu yanatafuta nyasi zilizolala. Nyinyi mna kompyuta, sawa, lakini shukeni garini.

Jambo la pili alilonifundisha ndilo hasa ninalotaka mlishike. Basi la mjini hulala mjini, basi la kijijini hulala kijijini. Ukikosea hapo, hata uweke viti vya mto na feni, hujaboresha kitu. Basi la shamba hutoka Kampala alasiri likirudisha watu makwao. Linafika mwisho wa njia, linalala pale mbele ya duka, na dereva analala palepale. Alfajiri linapakia matooke, zile ndizi za kupika, juu ya paa, maziwa, kuku, wagonjwa, wenye kesi mahakamani, linaingia mjini watu wanapofungua maduka. Mwanakijiji ndiye anayelihitaji asubuhi. Mtu wa Kampala anayekwenda shamba asubuhi ni nani? Labda mdai wa huyo mwanakijiji.

Kampuni haikuwajengea madereva nyumba huko mwisho wa njia. Haikuwa na haja. Kila dereva wa shamba, baada ya muda, utakuta ana mji wa pili hukohuko, na mke, na migomba ya mke, na mbuzi wa mke. Sisi ofisini tulijifanya hatujui. Dereva aliyelala vizuri haanguki na basi, na mimi nilipanga mabasi, sikupanga ndoa.

Mmoja wao alikuwa Ssalongo. Jina lake halisi lilikuwapo, lakini Muganda akizaa mapacha, jina lake linakuwa Ssalongo na mengine yanasahaulika. Alishika njia ya Kirembe, kijiji cha mwisho kabisa, ng'ambo ya kinamasi ambacho mvua ikinyesha barabara yake hugeuka uji. Mtu mkubwa, Mkristo wa mstari wa mbele kanisani huku Kampala, na huko Kirembe mstari wa nyuma kidogo kwa sababu ya yule bibi wa pili. Alikuwa na kiburi kimoja tu, lakini kikubwa: hasemi Kiswahili. "Hiyo ni lugha ya kufokea watu," aliniambia kwa Kiganda. Nikamwambia, Ssalongo, mimi nimekua nayo kambini, nimefundishwa nayo kuswali na kupika, je, nami nafoka? Akasema, "Wewe hasa." Basi tukapatana.

Wahindi walipofukuzwa, Mzee Pinto naye akaambiwa aende. Alikuja kuniaga na sanduku moja. Nilitegemea neno zito la kunibaki moyoni, kumbe aliniambia breki za basi la Ggaba zinavuta kushoto, nimwambie fundi. Kisha akaondoka. Nilikwenda nyuma ya matangi ya dizeli nikalia. Fundi nilimwambia, lakini vipuri navyo vilikuwa vimeondoka na Wahindi, kwa hiyo basi lile liliendelea kuvuta kushoto na dereva akaendelea kuvuta kulia, wakaelewana.

Ndipo tukaletewa Meja. Kwao kaskazini, alikuwa jeshini maisha yake yote, na asubuhi moja redio ilitangaza kwamba yeye ndiye mkurugenzi wa mabasi. Msinielewe vibaya, hakuwa mkatili. Alikuwa na tumbo kubwa, fimbo fupi, na hamu ya kweli ya kuboresha. Hiyo hamu ndiyo iliyotuumiza. Mkurugenzi mvivu anakuachia kazi yako, lakini mwenye bidii, na pembeni ana bunduki, mpishe tu.

Alianza na samaki. Siku moja alipanda basi la Ggaba, kule ufukweni mwa ziwa, kukagua, akakaa karibu na mama mwenye kapu la ngege, samaki wa ziwani. Aliposhuka mjini, Nakasero, sare yake ilimtangulia kwa harufu. Ikatoka amri: samaki na binadamu wasipande gari moja. Gari moja la Ggaba likawa la samaki na wenye samaki tu, jingine likawa la watu. La samaki liliondoka mara tu likijaa, maana samaki hangoji mtu. La watu lilitakiwa kuondoka kwa saa ya Meja, na saa ya Meja ilikuwa ikichelewa, na hakukuwa na mwenye roho ngumu ya kumwambia.

Si watu wakaanza kubeba samaki! Karani wa wizara, suti na tai, mkononi ngege mmoja kafungwa kwa jani la mgomba. Mwalimu, ngege. Bibi harusi mtarajiwa anakwenda kushonewa gauni, ngege. Baadaye wakagundua hakuna haja ya kununua, unaweza kuazima. Kulikuwa na samaki mmoja pale Ggaba aliyekwenda mjini na kurudi na kwenda tena, kila safari na mwenyewe mwingine, mpaka akawa anajulikana kwa madereva. La kuvunda halina ubani, wanangu. Mwisho konda alikuwa anamruhusu mtu kupanda kwa kunusa tu. Meja alipoona gari la samaki limejaa hadi mlangoni, aliripoti juu kwamba uvuvi umepanda chini ya uongozi wake. Nadhani alipongezwa.

Kisha likaja gwaride. Kila jioni mabasi yote ya mjini yalipangwa mstari pale depo, pua kwa pua, na kila dereva alisimama mbele ya gari lake, mikono ubavuni, kifua mbele. Wazee wenye wajukuu! Meja alipita na fimbo yake akigonga tairi, akitazama vioo, na mimi nyuma yake nikitafsiri, maana yeye alisema Kiswahili cha jeshini na madereva wengi walikuwa Waganda waliojifanya hawajui hata neno moja.

Hapo ndipo tulipopata burudani yetu. Meja anasimama mbele ya dereva, anafoka, "Hii tairi namna gani? Iko kama kichwa ya mzee!" Dereva anasimama wima, uso mtulivu kama yuko kanisani, anajibu kwa Kiganda, kwa heshima zote za sauti, "Na tumbo lako je, umemeza gunia la nani?" Na mimi natafsiri, "Anasema samahani afande, ataibadilisha." Kila jioni hivyo. Walimwita Gunia. Walimuuliza mama yake alimlisha nini. Walisema fimbo yake ni ya kumsaidia kuona vidole vya miguu. Mimi niliuma midomo mpaka ikavimba, na nikirudi chumbani kwangu Mengo nilicheka peke yangu kitandani. Mnafikiri tulikuwa wajinga kucheza hivyo na mtu wa serikali? Hatukuwa na sinema wala sukari. Tulikuwa na hilo tu.

Jioni moja Meja akasimama mbele ya mstari akatutazama, akapata wazo. Niliona usoni, nikasema moyoni, yarabi salama.

"Hizi gari ya shamba," akasema, "nalala wapi?"

Nikamwambia hulala huko shamba, afande, mwisho wa njia.

"Nani nachunga?"

"Dereva, afande."

"Hapana!" Akagonga fimbo kwenye buti lake. "Gari ni kama askari. Askari hapana lala inje ya kambi. Kuanzia kesho, gari yote nalala hapa. Mimi nataka kuona yote kwa macho yangu."

Nilijaribu, wallahi nilijaribu. Nilimweleza habari ya asubuhi na jioni, ya matooke na wagonjwa, kama alivyonieleza Mzee Pinto. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Zaituni, wewe ni mtoto ya askari. Unajua amri." Nikasema ndiyo afande.

Basi likaanza balaa la uboreshaji. Asubuhi magari yote ya shamba yaling'oka depo kwa mpigo, safi, mazuri, matupu. Yalifika vijijini wakati jua limeshapanda, yakapakia watu, yakaingia mjini mchana soko limeshapoa, na hao watu hawana gari la kurudi mpaka kesho yake, kwa hiyo wakalala barazani. Wengine wakaacha kuja kabisa. Maziwa yakachachia njiani. Nakasero sokoni mkungu wa ndizi ukawa kitu cha kutazamwa. Redio ikasema wapo maadui wanaoficha chakula. Sisi tulimjua adui, kila jioni alikuwa akitugongea tairi, lakini nani aseme?

Madereva wa shamba walinuna. Aliyefurahi alikuwa mke wa Kampala wa Ssalongo. Alikuja depo na kikapu cha karanga akaniambia nimpelekee Meja, na kwamba anamwombea kila siku. Ssalongo alipopata habari hakula chakula cha mchana.

Sasa ilikuwa wakati wa masika. Mvua ilinyesha toka asubuhi, na jioni gwaride likasimama kwenye matope, Meja chini ya mwavuli, sisi wengine chini ya Mungu. Akahesabu. Akahesabu tena. Pengo lilikuwa moja.

"Gari ya Kirembe iko wapi?"

Nikasema labda kinamasi, afande, barabara ni mbovu, labda imekwama. Meja aliingia ofisini akapiga simu, na mlango ulikuwa wazi, na nilimsikia akisema gari ya serikali imepotea, labda imeibwa, labda imebeba kahawa ya magendo kuvuka mpaka. Nyinyi mmezaliwa juzi, kwenu kahawa ni kinywaji. Enzi zile mtu akishatajwa na neno magendo katika simu ya namna hiyo, wenyewe huja kumchukua, wanamtia kwenye buti la gari, na mkewe anaanza kuzunguka vituo vya polisi na chakula ndani ya kitambaa, na kila kituo kinamwambia hayupo. Nilimjua mama mmoja jirani yangu Mengo aliyezunguka hivyo mpaka kitambaa kikachanika. Nilijua kabisa kwamba Ssalongo, popote alipo, amekwisha kufa, isipokuwa mwenyewe hajaambiwa.

Usiku uleule askari wa depo walitumwa na Landrova wamkamate njiani. Na asubuhi getini kwetu kulikuwa na gari dogo jeupe lisilo na namba, na ndani ya ofisi ya Meja mtu wa usalama, mwenye miwani nyeusi, amekaa kwenye kiti, amekunja nne. Hakusalimu. Watu wa miwani hawakuwa na desturi ya kusalimu. Meja mwenyewe alikuwa amekaa wima, jasho kwenye mdomo wa juu, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

Niliomba Mungu Ssalongo awe amekimbia. Aone askari kwa mbali, aache basi, aingie msituni, aende hata Zaire. Badala yake, jua lilipochomoza vizuri, nikasikia honi. Honi ile naijua. Basi la Kirembe likaingia getini, matooke hadi juu ya paa, watu hadi mlangoni, kuku wanalia, na mbele kabisa, kwenye viti vya kwanza, wamekaa wale askari, matope hadi kiunoni. Landrova yao ilikuwa imezama kinamasini. Ssalongo aliwakuta wakisukuma, akawapa lifti, na kwa kuwa hakuelewa Kiswahili hakujua kwamba njia nzima walikuwa wakimwambia yuko chini ya ulinzi. Alidhani wanashukuru.

Akashuka akinitabasamia. "Zaituni, mbona umepauka?" Banange, jamani, nilitaka nimpige.

Tukaingizwa ofisini. Meja mezani, mtu wa miwani pembeni, Ssalongo amesimama na kofia mkononi, mimi katikati. Meja akaniambia, "Uliza yeye. Nani ametoa ruhusa kulala inje na gari ya serikali?"

Nikauliza kwa Kiganda. Na nikaongeza, haraka, kwa sauti ileile, "Kwa ajili ya mapacha wako, jibu vizuri." Hilo la pili mtu wa miwani hakulijua, nililiona usoni, alikuwa wa mbali, Kiganda kwake ni kelele tu.

Mnafikiri alijibu vizuri? Ssalongo alivuta pumzi, akajibu kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa kwa miezi. Akasema, "Hakuna aliyeniruhusu, na hakuna wa kuniruhusu. Kirembe kuna mtoto anapumua kwa shida. Mama yake aliningoja jana asubuhi barabarani, basi halikuwepo, liko Kampala linahesabiwa. Nami kinamasi kilinifikisha jioni, na usiku hakivukiki, nikamwambia nitalala, na asubuhi nitamfikisha. Nimemshusha sasa hivi hospitali, Mengo. Mwambie Gunia huyu kwamba basi si ng'ombe wa kurudishwa zizini jioni ili tajiri afurahie kuhesabu. Mwambie amekuta kazi inakwenda, akaiua, na anaiita maendeleo. Haya, mtafsirie."

Wote wakanitazama. Ssalongo na kiburi chake. Mtu wa miwani na miwani yake. Meja na uso ambao sikuweza kuusoma. Sikuwa nimepanga neno lolote. Kinywa changu kilifunguka chenyewe.

"Anasema ni wewe, afande. Anasema wewe mwenyewe ulimwamuru alale Kirembe na gari."

Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati. Nilisikia kuku wakilia nje na konda akigombana na mwenye kuku. Nilikuwa nimemwambia meja wa jeshi, mbele ya mtu wa miwani, kwamba gari aliloripoti kwa simu kuwa limepotea kalituma mwenyewe. Kama atasema hapana, tutakwenda wote wawili kwenye lile gari jeupe, na sikuona kama buti lake linatutosha.

Meja akagonga meza kwa fimbo.

"Ndiyo," akasema. "Kweli. Mimi nimeamuru." Akamgeukia mtu wa miwani. "Hii ni lindo. Kila njia lazima kuwa na gari moja ya lindo, inalala mbele, inachunga barabara, asubuhi inarudi kuleta ripoti. Mpango yangu. Hawa wa simu wamechanganya." Hao wa simu walikuwa yeye peke yake.

Mtu wa miwani akamtazama Ssalongo, akanitazama mimi, akainuka bila neno, na tukasikia lile gari dogo likiwaka na kwenda zake. Ssalongo akaniuliza, "Kasemaje Gunia?" Nikamwambia kwa meno yaliyobanana, "Kasema nenda kapakue matooke." Akatoka.

Nami nilikuwa nimefika mlangoni Meja aliposema nyuma yangu, polepole, "Zaituni. Yule mtoto, wamempokea hospitali?"

Nikageuka kumjibu, ndipo nikaganda. Alikuwa ameniuliza kwa Kiganda. Si Kiganda cha kuokoteza. Kiganda kizuri, laini, cha mtu aliyekulia humo. Na habari ya mtoto sikuwa nimeitafsiri.

"Nilikulia kambini hapahapa Kampala," akasema, bado kwa lugha ileile. "Mlezi wangu alikuwa mwanamke wa Mengo. Mwambie Ssalongo ajifunze Kiswahili. Mkurugenzi atakayekuja baada yangu huenda asijue Kiganda."

Wanangu, nilitoka nikaenda nikakaa kwenye ngazi za basi bovu. Magwaride yote yale. Kila jioni, tumbo, gunia, mama yake, vidole vyake vya miguu, na yeye amesimama palepale anafoka kuhusu tairi, na anaelewa kila neno. Neno moja tu lilitosha kumpoteza dereva. Depo nyingine watu walichukuliwa kwa kucheka tu wakati si wa kucheka. Kwetu hakuchukuliwa mtu. Tulisema ni Mungu. Sawa, ni Mungu, lakini alipitia mlango ambao sisi tulikuwa tukiutukana. Niliona aibu, na nilimpenda mtu yule kama baba, na yote mawili nimeyanyamazia mpaka leo hii ninapowasimulia.

Amri ya lindo ilitoka wiki hiyohiyo. Magari yote ya shamba yakarudi kulala shamba, kwa jina la ulinzi wa taifa. Alfajiri yakaja na matooke, na maziwa hayakuchacha. Redio ikamsifu Meja kwa ubunifu. Tulikuwa tumeboresha huduma mpaka ikarudi pale alipoiacha Mzee Pinto, na haikuwahi kuwa bora kuliko hapo. Mke wa Kampala wa Ssalongo alikuja kudai karanga zake.

Nikaanza kumfundisha Ssalongo Kiswahili, mchana, garini, baada ya kumweleza yote. Hakubisha. Alinisikiliza habari ya Meja mpaka mwisho, akavua kofia, akaishika muda mrefu kama mtu aliye msibani, na msiba ulikuwa bado. Kichwa chake kilikuwa kigumu kwa lugha, r na l zilimpiga chenga kila siku. Lakini alikazana kuliko mwanafunzi yeyote niliyemwona.

Meja tuliyekuwa naye jioni moja, asubuhi hakuwepo. Hatukuambiwa. Kiti kilikuwepo, fimbo ilikuwepo juu ya meza, na bibi yake alikuja getini na chakula ndani ya kitambaa akauliza kama yuko kazini. Nilimshika mikono. Baada ya hapo jina lake halikutajwa depo, maana kumtaja mtu wa namna hiyo ilikuwa kujiandikisha kumfuata, na kumsifu ndiyo usiseme.

Mkurugenzi mpya alikuwa kijana, mkavu, na alipoitisha gwaride alikuja na watu wawili wa miwani. Akapita mstari mara moja, akaona mapengo ya magari ya shamba yaliyokuwa njiani kwenda kulala. Ssalongo alikuwepo kwa bahati tu, gari lake lilikuwa linabadilishwa tairi.

"Nani ameruhusu gari ya serikali kulala inje?" akauliza.

Nilikuwa nimeshaandaa jibu, jibu refu, lisilo na jina la mtu. Kabla sijafungua mdomo, Ssalongo alipiga hatua mbele, mikono ubavuni, kifua mbele, kama alivyofundishwa. Akasema kwa sauti ya kusikika depo nzima, kwa Kiswahili:

"Meja, afande. Meja ariamuru. Meja arikuwa mutu muzuri sana."

Mafundi waliacha nyundo. Mimi nilikuwa mkalimani, na sikuwa na la kutafsiri. Yule kijana alimtazama mzee yule, akawatazama watu wake wa miwani, akaangalia viatu vyake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kuliko ile ya kwanza, "Basi iendelee hivyo," akapita.

Ssalongo akavaa kofia yake, akapanda garini, akaliwasha. Watu wa Kirembe walikuwa wakingoja.